Mlinzi wa Kamba

Nilipewa buti, tochi, bunduki ya mtutu mmoja
na kibanda cha mabati juu ya tuta,
bwawa nambari kumi na nne, pwani ya Esmeraldas.
Don Wilfrido aliyanyooshea maji kidole:
"Humu mna dola elfu sitini zinaogelea.
Avukaye tuta usiku ni mwizi. Huulizi jina."

Nikasema ndiyo. Mshahara ni mshahara.
Sikumwambia kwamba majina yote nayajua.

Kabla ya bwawa hapa palikuwa msitu,
mikoko mirefu kuliko mnara wa kanisa letu,
imesimama kwa magoti yake kama watu wavukao maji
wamepandisha nguo.
Mbegu zake hazina subira: huota zingali mtini,
zikining'inia kijani ubavuni pa mama,
hadi siku zidondokapo wima, puu, topeni,
zimeshajua kusimama.
Rakuni alikuja maji yakipwa, kuvunja kaa.
Korongo walilala juu hadi mti ukageuka mweupe.

Nilikuwa na miaka tisa tingatinga lilipofika.
Usiku ule kaa walitoka barabarani,
wekundu, maelfu, wakielekea kusikojulikana,
nasi watoto tukawaokota kwa ndoo huku tukicheka.
Kicheko kile bado nakisikia.

Mama yangu, Deyanira Quiñónez, huchokoa kombe.
Huzama topeni hadi kiunoni, mkono kati ya mizizi
hadi kwapani,
vidole vikisoma yasiyosomeka kwa macho.
Samaki-chura amemchoma mara nne;
kidole chake cha kati hakikunjiki tena.
Hubeba kopo la makumbi ya nazi yanayofuka, kufukuza mbu,
na huvuta sigara ameigeuza,
moto ndani ya kinywa,
mvua isije ikauzima.

Zamani alirudi na kombe mia tatu. Siku hizi arobaini,
na kati yao wamo watoto ambao angepaswa kuwaacha.
Msitu uliobaki ni utepe tu, nyuma ya bwawa langu,
na njia ya kuufikia ni tuta langu.

Kamba hulishwa kwa saa, hupewa dawa, huhesabiwa.
Kamba ndiyo pia iliyonifunga mguu kwenye kibanda hiki.
Siku ya kuvuna tunafungua lango,
maji mazito yenye harufu ya duka la dawa
yanateremka kuitafuta mizizi.
Baada ya siku mbili kombe hufungua vinywa
wasivifunge tena.

Alhamisi, saa tisa usiku, maji yamekupwa,
nikaona kimoto juu ya tuta.
Kikatoweka. Kikarudi. Kikatoweka,
kama mtu afunguaye kinywa aseme neno,
kisha akalimeza.

Redio ikakoroma: "Kumi na nne, unaona nini?"
Bunduki i mapajani. Moshi wa makumbi
ulinifikia kabla ya nyayo zake,
moshi ule ule wa nguo zangu za shule.
Nikazima tochi.
"Kumi na nne, jibu!"
"Rakuni," nikasema. "Rakuni tu, anatafuta kaa."

Kimya. Halafu redio ikacheka:
rakuni hajaonekana huku miaka kumi na mmoja.

Alinipita hatua tatu kutoka mlangoni,
hakusalimu, wala hakuharakisha.

Kulipokucha nilikagua tuta kama nilivyofunzwa.
Upande wa ndani, penye tope laini,
mbegu za mkoko zilikuwa zimechomekwa wima,
moja kila baada ya hatua. Saba.
"Mizizi hupasua tuta," Don Wilfrido aliwahi kunionya,
"nalo tuta hukatikia pembamba.
Kila kiotacho, ng'oa."

Leo ni Jumapili.
Mbili zimeshatoa jani.
Bado sijainama.